Siti Inayopanda

Krrr. Rafiki yangu alilisikia gurudumu likizunguka huko stoo, akaruka kutoka kitandani kwa hasira. Kesho yake alikuwa na mashindano.

Baiskeli ilikuwa ya kaka yake, aliyegongwa na lori. Tangu mazishi, baba yao alikataza hata jina la utani la marehemu lisitajwe. Kila jioni rafiki yangu aliishusha siti ifae miguu yake mifupi. Kila asubuhi aliikuta imepanda tena.

Alimkuta baba yake mbele ya stoo.

“Baba, utaniharibu magoti! Kama hutaki niendeshe, si useme tu?”

“Koma! Mimi nilijua ni wewe unayenidhihaki.”

“Nani mwingine ana spana humu ndani?”

“Spana si unalala nayo?”

Kweli, ilikuwa kwenye kimkoba cha safari, pamoja na pampu na tyubu ya akiba, chini ya mto wake.

Nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli, siti ikalia, kama inavyolia ikikaliwa na mtu mzito. Pedali zikaanza kuzunguka. Baba akaupiga mlango ngumi, akapiga tena.

“Shuka, mwanangu,” akasema. “Shuka, Twiga.”