Onyo Lililochelewa Kufika Kwenye Skrini

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, mama hupitia kwanza kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Ni kasha la mbao alilolitengeneza mumewe, seremala. Ndani mna mayai na balbu za kuyapasha joto. Mayai ya awali yaliviza yote, kwa sababu joto lilizidi na hakuna aliyejua. Yakiviza na haya, mama ataacha kufuga kuku. Alikwisha kusema hivyo, naye si mtu wa kurudia maneno.

Binti yao anajifunza kuandika programu kwa lugha ya C. Alifunga kipimajoto ndani ya kasha, akakiunganisha na kompyuta. Joto likizidi, programu ingeandika onyo kwenye skrini. Kwanza aliijaribu kwa kipimo kimoja tu. Ikaandika onyo, ikafika mwisho. Wazazi wakampongeza. Kisha akaibadili, ili isome joto tena na tena bila kukoma.

Mchana mama aligusa kasha, akakuta ni la moto. Akafungua kifuniko upesi. Kwenye skrini hapakuwa na neno.

"Mlinzi wako amelala," seremala alimwambia bintiye. "Tena amelala na funguo mfukoni."

Binti alinuna, lakini hakukata tamaa. Alimwita shangazi yake, mwalimu wa kompyuta. Shangazi aliisoma programu, akacheka kidogo. Alisema amri ya printf, ile inayoandika maneno, haikuwa na kosa. Ilikwisha kutoa onyo mara nyingi.

"Mbona silioni, shangazi?"

"Mwanangu, mhudumu wa mgahawa hapeleki kikombe kimoja kimoja. Husubiri sinia lijae, au aambiwe apeleke. Kompyuta nayo hukusanya maneno kwanza. Mstari ukiisha, huyapeleka kwenye skrini. Wewe hujaiambia kwamba mstari umekwisha."

Binti aliuliza kwa nini jaribio la kwanza lilifaulu. Shangazi alieleza kuwa programu ikimalizika vizuri, hutoa maneno yote yaliyobaki. Hii ya sasa haimaliziki.

Basi binti akaongeza alama ya mstari mpya: kistari kilicholalia kushoto, na herufi n.

printf("Joto limezidi\n");

Shangazi akamfundisha na njia nyingine. Ukitaka maneno yatoke mara moja bila kuanza mstari mpya, andika fflush(stdout) baada ya printf. Hiyo stdout ndiyo njia ya kawaida ambayo programu hutolea maneno.

Wakakiweka kipimajoto juu ya kikombe cha chai ya moto. Onyo likatokea papo hapo. Seremala akataka kujaribu yeye mwenyewe, kisha akataka tena. Mama akamnyang'anya kipimajoto, akasema mayai hayana muda wa michezo.

Tangu hapo, onyo likitokea, aliye karibu huzima balbu moja. Siku zilipotimia, vifaranga walianza kugonga maganda kutoka ndani. Mama aliinama juu ya kasha, akatazama kwa muda mrefu.

"Baba watoto," akasema, "mbao zimebaki? Tengeneza kasha la pili."