Kadi za Rangi ya Korosho

Kila asubuhi Rozalia aliamka mapema, akawasha jiko la mkaa, akabandika chai. Baba yake alipotoka chumbani na shati lake la kazini walikunywa kimya, kila mtu na kikombe chake. Halafu baba, Mzee Andrea, alisema, "Haya mama, tutaonana jioni," akapanda baiskeli kwenda bandarini alikokuwa karani. Nyumba ilibaki tupu kabisa, maana mama alikuwa bado kwao Mbinga akimuuguza bibi, na barua zake zilichukua wiki tatu kufika Mtwara.

Rozalia alikuwa na miezi minne tangu ahamie darasa la sita hapo Mtwara, na katika miezi hiyo minne maneno aliyoyasema shuleni yangetosha kujaza ukurasa mmoja tu wa daftari. Si kwamba hakuwa na la kusema. Alikuwa nalo, lakini kila alipofungua mdomo Kiswahili chake kilitoka na lafudhi ya kwao milimani, wenzake wakacheka, naye akaufunga. Mwishowe wakampa jina.

"Redio Bila Betri huyo anapita!" Elizabeti aliwahi kusema, na darasa zima likaangua kicheko. Elizabeti hakuwa mtoto mbaya. Alipenda tu kuchekesha watu, na jina lile lilichekesha.

Betri zake Rozalia alikuwa nazo nyumbani. Baba alimletea kitabu kikubwa cha jalada gumu, kilichotupwa ofisini kabla hakijaandikwa kitu, na Rozalia alikigeuza kitabu cha kubandika. Alibandika humo stempu za barua za mama, picha za viberiti, karatasi za majani ya chai, unyoya wa kanga na majani makavu. Gundi alipika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Muhogo mbichi nao aliukata vipande, akauchonga kwa wembe ukawa mihuri: nyota, samaki, jani. Aliuchovya katika wino wa shule, akagonga kwenye karatasi.

Tatu, nne, tano, aligonga, lakini ukurasa haukupendeza. Nyota huku, samaki kule, kama vitu vilivyomwagika sokoni. Tena wino ule ulikuwa wa majimaji. Ulitambaa kwenye karatasi mpaka samaki akawa kama kiatu.

Ufumbuzi aliupata uani kwa jirani, Bi Amina. Siku hiyo Bi Amina alikuwa ameanika kanga sita kwenye kamba, na Rozalia alisimama kwenye ua na ndoo yake ya maji akizitazama mpaka mkono ukafa ganzi.

"Ala! Wewe mtoto," Bi Amina akamwambia, "unazisoma au unazihesabu?"

"Shikamoo, bibi. Ninaangalia tu."

"Marahaba. Angalia, mwanangu, kuangalia si dhambi hata kwa mtu aliyefunga. Ile nyekundu niliipata siku ya harusi ya mdogo wangu. Tazama pindo lake, limezunguka pande zote nne. Katikati ndiyo mji wa kanga. Na pale chini jina lake, maneno. Kanga isiyo na pindo ni kitambaa tu."

Rozalia alirudi ndani karibu akimwaga maji. Kumbe ndivyo kitu kinavyopangwa! Pindo kuzunguka, mji katikati, maneno chini. Akachukua karatasi akaikunja, akachora mistari ya pindo, na kwa mara ya kwanza picha zake zikawa na mahali pa kukaa.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Ulikuwa mwaka 1970, mwezi wa Ramadhani, na Idi ilikuwa inakuja siku chache kabla ya shule kufungwa. Darasani walikuwa na wasichana kumi na wawili mbali na yeye. Angewatengenezea kila mmoja kadi, Waislamu za Idi na Wakristo za Krismasi, aziweke madawatini kabla hawajafika. Jina lake asiliandike. Wakizipenda, atasema, "Ni mimi." Wasipozipenda, hakuna atakayejua. Alitaka kitu kimoja tu: mtu mmoja amwambie, njoo ukae hapa.

Kilichobaki ni rangi.

Siku ya Alhamisi, akitoka shule, alimkuta Mwanakombo njiani. Mwanakombo alisoma naye, alitoka kijiji kimoja upande wa Naliendele, na siku hiyo alibeba kikapu cha korosho mbichi kumpelekea shangazi yake Magomeni. Yeye hakuwa mcheshi kama Elizabeti, lakini hakuwahi kumwita Rozalia lile jina.

"Kikapu chako kina doa zuri," Rozalia akasema. Alishangaa mwenyewe kusikia sauti yake.

"Zuri? Aka! Hilo la ganda la korosho. Mama amelisugua kwa sabuni, kwa mchanga, wapi! Halitoki." Mwanakombo akacheka, akachota korosho konzi mbili akampa. "Chukua, mtachoma. Mimi nimefunga, zinanitamanisha tu. Lakini usizipasue kwa meno."

"Sawa," alisema Rozalia. Alidhani ni kwa ajili ya kutunza meno. Kwao Mbinga kulikuwa na kahawa, mikorosho hakuna. Angejuaje kwamba ndani ya ganda la korosho mbichi mna mafuta yanayounguza ngozi kama moto, na kwamba Mtwara hata mtoto wa miaka minne anakanywa asiyaguse? Mwanakombo naye hakueleza zaidi. Nani anaeleza kwamba maji yanalowesha?

Jumamosi Rozalia alikaa uani akazipasua kwa jiwe. Maganda yakatoa mafuta mazito, na alipoyagusisha karatasi kwa kijiti yakaacha alama ya kahawia iliyoiva vizuri, isiyotambaa. Alichonga muhuri mpya wa muhogo, wenye umbo la korosho yenyewe iliyopinda, akaugonga kuzunguka kadi, moja ikilala baada ya nyingine, mpaka likatokea pindo. Katikati akaweka jani kwenye kadi moja, nyota kwenye nyingine, asirudie mji hata mmoja. Chini akaandika kwa kalamu: Nakutakia sikukuu njema. Vidole vilimwasha kidogo. Alivifuta kwenye gauni akaendelea.

Jumatatu aliwahi shule kabla ya kengele. Wenzake walipofika, darasa likageuka soko.

"Nimepata kadi!"

"Hata mimi! Yangu ina jua!"

"Ni mwalimu huyu. Mwalimu Felista ndiye mwenye mkono wa namna hii."

"Mwalimu Felista ana muda? Labda mchumba wangu," alisema Elizabeti, akaibandika kadi yake shavuni akafumba macho kama bibi harusi. Wote wakacheka. Alikaa nayo hivyo vipindi viwili, akijipepea nayo, akiiweka shavuni tena kila mtu alipomtazama.

Mwanakombo aliitazama yake mara moja tu, akaifunga ndani ya gazeti.

"Mbona unaificha?" jirani yake akamuuliza.

"Sitaki kuichafua. Nitamwonyesha mama siku ya Idi."

Rozalia alikaa nyuma akiwatazama. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Ni mimi. Maneno mawili tu! Lakini kila alipotaka kusimama aliwaza kile kicheko, akasema moyoni, kesho.

Hiyo kesho alikuta vidole vyake vimevimba. Jumatano vikatoa malengelenge, ngozi ikawa nyeusi. Alimwambia baba ameungua na jiko. Shuleni Elizabeti aliingia na kitambaa usoni, na Mwalimu Felista akakiondoa. Shavu lilikuwa limefura, jekundu, lina malengelenge. Wasichana wengine watatu wakaonyesha viganja vinavyowasha.

"Hii ni korosho mbichi," alisema Mwalimu Felista. Hakuhitaji kufikiri. "Nani ameleta korosho mbichi shuleni? Si tulikataza?"

Macho yote yakamgeukia Mwanakombo na kile kikapu chake chenye doa, alichobebea vitabu.

"Mimi sijaleta, Mwalimu! Nimefunga, nilete korosho za nini?"

"Kikapu hicho hapo kinasema."

"Amepakaza madawati yetu," mmoja akadakia. "Watu wa mashambani ndivyo walivyo."

"Si kweli! Wallahi si kweli!"

"Kusanya vitabu," alisema Mwalimu Felista. "Hukanyagi darasa hili mpaka uje na mzazi."

"Mwalimu, kesho ni mtihani. Mama yuko shamba, sitawahi kurudi naye!"

"Ungefikiria hayo kabla. Mwenzako angepofuka je?"

Mwanakombo akaanza kukusanya vitabu kimoja kimoja, machozi yakidondokea kwenye majalada. Rozalia alikuwa anamtazama Elizabeti. Yale malengelenge hayakukaa ovyo. Yalipanga mstari, kitu kidogo kilichopinda, kingine, kingine. Lilikuwa pindo. Pindo lake mwenyewe, alilolichonga kwa wembe, limegongwa kwenye shavu la mtu. Akavitazama vidole vyake chini ya dawati.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona. Akisema, hakuna tena wa kumwambia njoo ukae hapa, si mwaka huu wala ujao. Mwanakombo alikuwa amefika mlangoni.

"Mwalimu," Rozalia akasema. Hakuna aliyesikia. Akasimama, benchi likaanguka. "Mwalimu! Ni mimi."

"Redio imepata betri!" mtu akapaza sauti, kicheko kikalipuka.

"Kimya!" alifoka Mwalimu Felista. "Ni wewe nini, Rozalia?"

Rozalia alinyoosha mikono yake mbele. Kicheko kikakatika. "Kadi nilitengeneza mimi. Rangi ni ya maganda ya korosho. Sikujua kama yanaunguza. Mwanakombo hajafanya kitu. Alinipa korosho njiani nikachome, si shuleni."

Mwanakombo akarudi polepole. Akaifungua kadi yake kutoka kwenye gazeti, akainusa. "Ndiyo," alisema. "Ni mafuta ya ganda. Yamejaa harufu." Kisha akamtazama Rozalia usoni. "Na ulikaa kimya mwenzio natukanwa? Mpaka nimefika mlangoni?"

Swali hilo lilimuuma Rozalia kuliko vidole.

Mwalimu Felista alikusanya kadi zote kwa kipande cha karatasi, akazifukia nyuma ya shule. Akamwomba Mwanakombo radhi mbele ya darasa, jambo ambalo hawakuwahi kumwona mwalimu akilifanya. Walioathirika aliwapeleka zahanati, Rozalia akiwa wa mwisho kwenye mstari, na hakuna aliyesimama karibu naye. Jioni baba yake alimpeleka kwa kina Elizabeti kuomba msamaha.

"Mwanangu uso umekuwa kama andazi!" mama Elizabeti alilalamika. Lakini baada ya kuviona vidole vya Rozalia akapoa. "Haya, na wewe umeipata yako. Kaeni, mnywe uji." Elizabeti alikaa upande mwingine wa mkeka. Ila alipoletewa sukari, alimsogezea Rozalia bakuli.

Kesho yake, mtihani ulipokwisha, mama yake Mwanakombo aliwasili shuleni. Aliitwa Bi Hadija. Alikuwa ametembea kutoka kijijini, miguu ina vumbi, mkononi ana chupa ndogo ya mafuta ya nazi. Aliongea na Mwalimu Felista kwanza. Halafu akaita, "Yuko wapi huyo fundi wa kadi?"

Rozalia alijongea na kupiga goti kidogo. "Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba. Lete mikono." Akaanza kumpaka mafuta, kidole kimoja kimoja, taratibu. "Sisi tunapaka majivu mikononi ndipo tunashika maganda. Hukuambiwa?"

"Sikuuliza, mama."

"Na huyu wangu hakusema. Alidhani unajua." Bi Hadija akamtazama binti yake, ambaye alikuwa ameegemea ukuta, uso bado umefungwa. "Hakuna anayezaliwa anajua korosho. Mimi kahawa yenu siijui, ningekuja kwenu ningeharibu vilevile. Kutojua si kosa lako, mwanangu. Ulikosa pale uliposhika kitu cha watu bila kuuliza, ukakosa tena ulipojua ukangoja. Ulisema ukweli, vizuri, nami ninakushukuru kwa ajili ya mtihani wa binti yangu. Lakini ukweli wako ulichelewa, na muda wote ule aliyelia ni mwenzio. Siku nyingine, cha kuuliza uliza. Cha kusema kiseme kikiwa bado cha moto. Watu watacheka kidogo, kisha watachoka kucheka."

"Ndiyo, mama."

"Na kadi usiache. Mwanakombo aliniambia zilikuwa nzuri. Mimi nasuka mikeka, nyumbani nina rangi za ukindu, nyekundu na ya zambarau. Hizo haziumi mtu."

"Sikusema nzuri," Mwanakombo alinung'unika pale ukutani. "Nilisema hazikuwa mbaya."

Bi Hadija akacheka, akafunga chupa yake, akaanza kuondoka. Mwanakombo akamfuata bila kuaga. Rozalia alisimama akiwatazama migongo. Nyumbani hakukuwa na mtu mpaka jioni. Walikuwa wamevuka uwanja, wanakaribia barabara, alipowakimbilia.

"Mwanakombo! Kwenu ni mbali?"

Mwanakombo aligeuka. Alimpima kwa macho kuanzia juu hadi viatu.

"Mbali sana. Utachoka."

"Leo nitamwomba baba ruhusa. Jumamosi naweza kuja?"

Mama yake alitembea mbele kama vile hasikii.

"Njoo asubuhi," Mwanakombo alisema. "Jua likipanda sikungoji."