Mgeni Aliyefagia Chini ya Kitanda

Saa nne ya asubuhi soko kuu la Arua lilikuwa limeshachangamka, na katika kichochoro cha wauza vyombo kila mtu alikuwa akimpigia mwenzake kelele. Bushira alikuwa ameinama akichagua sufuria alipomsikia mwanamume nyuma yake akiuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwishauliza maduka mengi:

"Mama, glasi kama hii iko?"

Mwenye duka, mama wa Kilugbara aitwaye Driwaru, alikipokea kipande alichoonyeshwa, akakigeuzageuza. "Hii ya maua ya buluu? Hii ilikuwa inatoka Kongo zamani. Sasa haiko. Chukua hii ya kawaida, maji itakaa tu."

"Hapana, mama. Nataka hiihii."

Bushira akageuka. Alimwona kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Lakini macho ya Bushira yalinasa kwenye kile kipande cha glasi. Alikuwa na glasi sita za maua hayo, na zote sita alikuwa ameziweka kwenye kabati la nyumba yake ya wageni, kule mtaa wa Anyafio.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, vyumba viwili na jiko la gesi, na mgeni alijipikia mwenyewe. Bushira alishinda mjini kwenye duka lake la ushonaji, kwa hiyo funguo zilishikwa na Kaltumu, binti wa shangazi yake, aliyekaa jirani. Wageni wengi hawakuwahi kumwona mwenye nyumba. Walichokiona ni karatasi yake tu.

"Kwani glasi ni ya nani?" Bushira akauliza, akijifanya hajui.

"Ya mwenye nyumba nilikofikia. Imenitoka mkononi nikiosha vyombo, na leo saa nane naondoka."

"Basi mwachie vipande uende zako. Wageni si ndivyo wafanyavyo?"

"Dada, hujayaona masharti ya yule mama! Ameyabandika jikoni, manane. Osha vyombo, toa taka, vua mashuka, funga gesi... na la mwisho ameliandika kwa kalamu nyekundu: kilichovunjika, sema. Sijamwona kwa macho, lakini nikisoma maandishi yake namwona kabisa. Mnene, ana miwani, na fimbo mkononi."

Driwaru, ambaye alikuwa mteja wa Bushira wa miaka mingi, alijiziba mdomo kwa leso.

"Mnene?" Bushira akauliza taratibu.

"Sana."

Saa nane kamili Bushira alikuwa mlangoni pa nyumba yake, amevaa gauni la kitenge cha kijani lililomkaa sawasawa kiunoni, mtandio wa manjano begani. Yule kijana akafungua.

"Dada wa sokoni! Umenifuata mpaka huku?"

"Nimefuata ufunguo. Fimbo nimeisahau nyumbani."

Kijana alisimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji. Kisha akacheka, akacheka mpaka akajishika mlangoni, na Bushira, aliyekuwa amekusudia kununa, akajikuta naye anacheka.

Alipoingia ndani aliacha kucheka. Vyombo vilikuwa vimeoshwa na kupinduliwa juu ya kitambaa safi. Pipa lilikuwa tupu. Mashuka yamekunjwa na kuwekwa mwisho wa godoro. Mezani palikuwa na glasi mpya ya kawaida, na barua fupi ya kuomba radhi.

"Kitanda umekisogeza?"

"Nimefagia chini yake. Kulikuwa na soksi ya mgeni aliyenitangulia."

Katika miaka mitatu ya kupokea wageni, walimu, wafanyakazi wa mashirika na wachuuzi wa kutoka mpakani, hakuna hata mmoja aliyewahi kufagia chini ya kitanda. Bushira alimtazama upya.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Mama yangu, kule kwetu Koboko. Alikuwa akisema mwenye nyumba asijue ulivyoishi, ajue tu kwamba ulishukuru." Akatoa simu. "Ngoja nipige picha. Kila nyumba ninapotoka napiga picha vyumba vyote, nampelekea mwenyewe. Na wewe simama hapo dirishani."

"Mimi si samani."

"Ndiyo maana nataka picha yako peke yake."

Jina lake lilikuwa Shafiki. Alikuwa fundi wa pampu za maji zinazoendeshwa na jua, na kampuni yake ilimleta Arua kila baada ya wiki mbili kuchukua vifaa. Tangu siku hiyo hakufikia kwingine. Naye Bushira alianza kuona kwamba wiki mbili ni muda mrefu mno kwa pampu za watu kusubiri.

Simu ndizo zilizofanya kazi kubwa.

"Mama Fimbo, umeamkaje?"

"Salama, mgeni. Umekula?"

"Nimekula mihogo. Nikila mihogo nakukumbuka."

"Mimi nafanana na mihogo?"

"Hapana, mpenzi. Mihogo inanikaba kooni, na wewe hivyohivyo. Nikitaka kukwambia neno, linakwama."

"Kunywa maji, literemke."

"Likiteremka halitasemwa. Nataka lipande."

Lilipanda mwezi wa tano tangu wajuane. Ilikuwa Jumatano, amekuja dukani kumuaga, nyuzi za rangi zimetapakaa miguuni pao, na cherehani imenyamaza. "Bushira," akasema bila utani, "safari ijayo nikija, nitaomba kuonana na baba yako." Usiku ule Bushira hakulala vizuri, kwa furaha.

Kesho yake saa nne Shafiki alikabidhi ufunguo kwa Kaltumu, akaondoka kwenda Koboko. Simu ya Bushira ililia mara kadhaa kuashiria picha zinaingia, lakini siku hiyo alikuwa amezama katika magauni saba ya gomesi kwa harusi ya watu, hakufungua hata moja. Ijumaa, baada ya swala, alikwenda Anyafio kutayarisha nyumba kwa mgeni mwingine.

Alipofungua mlango, harufu ya udi ilimpiga usoni. Vyombo vichafu vimerundikana mpaka juu ya jiko. Chupa za soda zimelala sakafuni. Chumbani, mashuka yake meupe yalikuwa na madoa mekundu ya hina, na juu ya mto kulikuwa na alama ya kiganja cha mwanamke, vidole vyote vitano.

Kila binti wa Kinubi kama yeye anajua maana ya hina nyingi namna ile. Hapo alipambwa bibi harusi.

Alimpigia Kaltumu. Kaltumu akajibu haraka: "Mimi sijui, dada. Mgeni wako ndiye aliyeniachia ufunguo."

Akampigia Shafiki.

"Hongera," akasema.

"Hongera ya nini, mpenzi?"

"Ya harusi. Hina ya mkeo imeganda kwenye mashuka yangu. Mmekula, mmevishana, mmeniachia masufuria nisugue. Uliniona mimi mfanyakazi wenu?"

"Bushira, ngoja. Hina gani? Nyumba nimeiacha safi. Muulize Kaltumu."

"Usimtie ndugu yangu kwenye mambo yako!"

"Picha nimekutumia jana. Zitazame tu."

"Picha zako ni za kila siku, zote zinafanana. Nitajuaje ni za lini?"

"Utajua ukiniamini," Shafiki akasema, na sauti yake sasa ilikuwa imepoa. "Mke mwingine sina. Hata huyo mmoja nilikuwa bado sijamwomba."

Bushira alikata simu, akaizuia namba yake. Kisha akafanya jambo ambalo baadaye lilimuumiza kuliko yote. Wenye nyumba za wageni wa Arua walikuwa na kundi lao la wasapu, watu arobaini na kitu, wakitahadharishana. Aliandika humo jina la Shafiki na namba yake, na chini yake: Huyu msimpokee.

Wiki tatu zilipita. Alishona, akasali, akala kidogo. Mama yake alipomuuliza kama anaumwa, alisema ni macho.

Jumatatu moja aliingia dukani mwanamke kijana mwenye furaha ya waliotoka kuolewa. Hina ilikuwa karibu kufifia kabisa mikononi mwake. Aliweka mezani kifurushi.

"Dada Bushira, mimi ni Hawah. Samahani nimechelewa, harusi ilikuwa Yumbe, na huko wametushika mpaka juzi. Nimekuletea mashuka. Yale yako tuliyaharibu kwa hina, mimi na wenzangu, na tukaondoka mbio gari lilipokuja. Niliona aibu sana. Kaltumu alisema ulikubali tutumie nyumba Alhamisi ile mchana, baada ya mgeni kutoka."

Mkasi wa Bushira ulisimama katikati ya kitambaa.

Hawah alipoondoka, Bushira alifungua simu yake. Picha zilikuwa pale wakati wote. Alhamisi, saa nne kasoro dakika tano. Jiko, linang'aa. Pipa, tupu. Mashuka, yamekunjwa. Na picha ya mwisho, aliyeipiga lazima alilala kifudifudi: chini ya kitanda, sakafu tupu.

Kaltumu alipoulizwa hakubishana. Alilia. "Nilitaka kwenda kusafisha jioni, nikazidiwa. Ulipopiga simu ukiwa na hasira vile, niliogopa."

"Na mimi niliogopa kuuliza mara ya pili," Bushira akamjibu. "Wewe umenidanganya siku moja. Mimi nimemwonea mtu wiki tatu." Akachukua funguo kutoka mkononi mwa binti wa shangazi yake, bila kelele.

Aliingia kwenye lile kundi, akarekodi kwa sauti yake mwenyewe, jina lake kamili, kwamba amemsingizia mgeni mwema kuliko wote aliowahi kuwapokea. Jibu la kwanza lilitoka kwa Jimmy, mzee mwenye nyumba tatu kule Mvara. "Mimi nilimfukuza wiki iliyopita. Na wenzangu wawili pia. Nasikia alilala ndani ya lori la vifaa siku mbili. Hakulalamika hata kidogo."

Bushira alimpigia Shafiki mara nne. Simu iliita mpaka ikakatika. Kesho yake hakufungua duka; alfajiri alichukua gari la Koboko.

Ofisini kwao Koboko walimwambia fundi yuko Lobule, leo wanafungua maji. Alipanda boda. Vumbi jekundu liliupaka mtandio wake wa manjano, likaingia mpaka kwenye nyusi, naye hakujipangusa. Kwenye uwanja mmoja kati ya mashamba ya mihogo na maharage palikuwa na tangi jipya juu ya nguzo, bamba za jua zinametameta, na wanakijiji wote na madumu yao. Shafiki alikuwa kwenye ngazi, spana mkononi.

Mama mmoja mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, aliyejitambulisha kwa jina la Viktoria, mwenyekiti wa kamati ya maji, akamlaki. "Wewe ni mutu ya kampuni?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa nani?"

Bushira akanyoosha kidole juu. Watu wote wakatazama juu, na Shafiki akashuka ngazi polepole.

"Watu ni wengi," akamwambia kwa sauti ya chini. "Tutasema baadaye."

"Nilikuharibia jina mbele ya watu wengi. Siwezi kukusafisha pembeni." Akapandisha sauti. "Nyumba uliiacha safi. Walioichafua ni wengine, na wenyewe wamekiri. Uliniambia nitazame picha, sikutazama. Umelala kwenye lori kwa ajili ya ulimi wangu. Nisamehe, Shafiki."

Shafiki akaiweka spana chini.

"Lori halikuniuma," akasema hatimaye. "Kilichoniuma ni kwamba ulinijua miezi mitano, ukanisahau kwa simu moja."

"Ni kweli."

"Ungeniuliza mara mbili tu."

"Ni kweli. Kuanzia leo nitauliza mara mbili. Hata mara tatu, mpaka uchoke."

Kona ya mdomo wake ikatikisika. "Mimi nimechoka tayari."

Bushira akarudi nyuma hatua moja.

"Nimechoka kukukabidhi ufunguo," Shafiki akaendelea, na sasa hakujali tena nani anasikia. "Kila wiki mbili nafagia, nakunja mashuka, nafunga mlango, naondoka. Sitaki kuwa mgeni wako tena. Nataka nyumba ambayo nikiichafua nitagombezwa jioni, na asubuhi bado nipo. Utanikubali?"

"Jibu, mwanangu," Viktoria akasema, "watu wana kiu!"

"Namkubali!" Bushira akapaza sauti.

Shafiki akamshika mkono, akampeleka hadi kwenye bomba, akaweka kiganja chake juu ya koki. "Fungua wewe." Bomba likakohoa, likatema hewa na tope, likakohoa tena, kisha maji yakaruka meupe, yakamlowesha gauni lote hadi magotini. Wanawake wa Lobule walipiga vigelegele, wazee wakavua kofia, na hakuna aliyejua kelele zile ni za maji au ni za posa.

Ijumaa ya pili wazee kutoka Koboko waliketi kwenye mkeka sebuleni kwa mzee Hamdani, baba yake Bushira, kule mtaa wa Oli. Walikunywa chai, wakaulizana habari za safari, wakazunguka sana kabla ya kufika walipokuwa wakienda. Walipofika, mzee Hamdani alimwita binti yake, aliyesimama nyuma ya pazia katika gomesi ya zambarau aliyojishonea mwenyewe kwa siku tatu.

"Bushira, hawa wageni unawafahamu?"

"Mmoja namfahamu, baba."

"Unamfahamu vya kutosha?"

"Nilimkosea, nikamwona akiwa amekosewa. Namfahamu."

"Tuwajibu nini?"

"Wajibu ndiyo."

Mzee Hamdani alikohoa, akafungua kinywa atoe jibu rasmi mbele ya wazee wenzake. Lakini mkewe alikuwa amekwisha kupiga kigelegele kule jikoni, majirani wakakipokea ukuta kwa ukuta, na Oli yote ikawa imejua kabla ya wageni wa Koboko.