Popote

Harufu ya nywele zilizoungua iliingia wodini adhuhuri, na hakuna aliyekuwa amewasha hata kiberiti.

Daktari aliamuru madirisha yafunguliwe. Alikuwa daktari wa akili wa kwanza nchini mwake. Alipigana na wakubwa na wadogo mpaka wagonjwa wakafunguliwa minyororo, wakapewa vitanda na shuka. Hakuwa mtu wa kutishwa na harufu.

Lakini harufu iliganda kwenye kitanda cha mshonaji, mke wa fundi magari. Dawa zote ziligonga mwamba. Mama wa watu alikonda akabaki mifupa, na kifuani mwake kilitoka kicheko kizito cha kiume, kama cha mtu aliye chini ya maji, ilhali midomo imefumba.

"Dada yangu," mumewe alimnong'oneza Daktari, "niruhusu nimlete mganga. Ananiishia mikononi."

"Shemeji, nusu ya umri wangu nimehangaika kuwatoa watu kwa waganga! Leo nimkaribishe mlango wa mbele?"

Mshonaji alipokataa hata maji, Daktari akasalimu amri, roho ikimuuma.

Mganga alikuwa kijana wa viatu vinavyong'aa. Alivua saa, akamwekea mgonjwa kiganja utosini, akasoma kwa sauti ya chini. Vyuma vya kitanda vikaanza kulia.

"Nitatoka," sauti ya kile kicheko ikasema. "Nipeni pa kwenda."

Kabla mganga hajataja mahali, Daktari, aliyechoka, aliyefedheheka mbele ya wauguzi wake, aliyeona kazi ya maisha yake ikichekwa na kitu asichokiamini, akafoka: "Nenda popote! Toka tu!"

"Popote?" ikauliza kwa upole.

Mshonaji akafumbua macho. "Baba watoto, nina njaa."

Fundi akaangua kilio cha furaha. Mganga alikuwa akihangaika kuvaa saa.

"Mama daktari, umesema nini? Neno hilo halisemwi!"

Daktari aligeuka ghafla, maana mgonjwa wa kitanda cha pili, bubu tangu utotoni, alikuwa amecheka kile kicheko, midomo imefumba, na wa pembeni yake akakipokea, na wa ng'ambo naye, kikapita kitanda hadi kitanda, wodi nzima, mpaka kikamfika muuguzi aliyesimama mlangoni na trei ya dawa, na hewa yote ikawa nywele zinazoungua.

Daktari alimkwida mganga shati. "Watoe! Nakuomba, watoe!"

Mganga alijinasua, akarudi kinyumenyume.

"Mimi niliitiwa mmoja," akasema.