Aliyebisha Hodi Ndani ya Boneti

Gari la bodi ya faiba, si ya bati, halimfichi ugonjwa fundi anayejua kuligonga. Unakunja kidole, unapitisha kifundo chake juu ya bodi taratibu, ko, ko, ko, na pale ambapo tabaka za ndani zimeachana sauti inageuka, inakuwa po, kama mtungi mtupu. Vedasto aliijua kazi hiyo kuliko alivyoijua sala ya asubuhi. Magari ya watalii yakirudi kutoka kreta yamepasuka mapaa, yaliletwa kwake, kwenye karakana yake ya mabati upande wa juu wa Rhotia, mahali nyumba zinapokaribia kwisha na msitu wa Ngorongoro unapoanza.

Ndiyo maana siku ile alipogonga boneti la gari lililoletwa, akasikia ko, akasikia po, kisha akasikia ko nyingine ambayo hakuigonga yeye, alisimama kidole kikiwa hewani. Alijua kabisa kwamba si masikio yaliyomdanganya.

Gari lenyewe lilikuwa la spoti, la zamani, la viti viwili, fupi kiasi kwamba ukikaa ndani unajiona umekaa barabarani. Mlowezi mmoja wa shamba la kahawa alilileta enzi hizo, akaliacha bandani, kuku wakataga humo miaka na miaka. Haruna, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Karatu mjini, ndiye aliyelinunua. Alitaka lisimame linang'aa mbele ya nyumba yake ya wageni, wazungu walipige picha. Wenye nazo hawakosi vituko.

Boneti lilikuwa limefunguliwa na kulazwa juu ya mapipa mawili. Chini yake hapakuwa na kitu ila sakafu. Likabishwa tena kutoka ndani, mara tatu, kwa nafasi, kwa adabu, kama mgeni aliyesimama nje ya mlango na kofia mkononi.

Usimcheke Vedasto kwa alilolifanya. Alimzika mkewe Selestina baridi ya mwaka jana, waombolezaji walikula, wakalia, wakakunja mikeka, wakaenda makwao. Binti yake wa pekee, Angelina, aliolewa Arusha na alikuwa na mtoto mdogo. Alipiga simu alipopata nafasi, na nafasi hazikuwa nyingi. Vedasto alisonga ugali kidogo akaula akiwa amesimama jikoni, maana kukaa mezani peke yako ni kama kujiwekea matanga. Wateja hawakubisha hodi, walipiga honi. Basi alipobishiwa hatimaye, hata kama ni kutoka tumboni mwa boneti, ulimi wake ulifanya kile ulichofunzwa tangu utotoni.

"Karibu," alisema.

Kubisha kukakoma. Harufu ya resini, ile gundi ya kushikisha faiba, hukata pua, hakuna harufu nyingine inayoweza kupita mbele yake, lakini hii ilipita: harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Kisha sauti, si ya kiume si ya kike, kama ya mtu anayesema akiwa ameweka mdomo ukutani, ikauliza polepole.

"Umekula?"

Mtu mwenye akili zake angekimbia mpaka Karatu mjini bila viatu. Vedasto hakukimbia. Hakuna aliyemwuliza hivyo tangu Selestina, na machozi yalimtoka hapohapo, mtu mzima, katikati ya karakana.

"Bado," akajibu.

Kazi ikaanza. Aliukata ufa wa boneti kwa grainda mpaka akafika kwenye faiba nzima, akatandika mkeka mpya wa faiba, akaulowesha kwa resini iliyochanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, akaukandamiza kwa brashi viputo vitoke. Ulikuwa mwezi wa saba, ukungu ukishuka kutoka msituni hadi mlangoni, na resini haipendi baridi, hivyo akazidisha hadina kidogo. Kufikia jioni kiraka kilikuwa kigumu kama pembe. Asubuhi ufa ulikuwa palepale, umefunguka, kingo zake laini kama midomo. Fundi mwingine angetukana. Yeye, tuseme ukweli, alifurahi, kwa sababu boneti likipona gari lingeondoka.

Akasogeza kiti kando ya boneti, akawa anakula pale. Kila siku lilimwuliza kama amekula, naye alijibu, kisha akalisimulia habari za Selestina, za ng'ombe wa baba yake, za mguu unaouma baridi ikizidi. Lilisikiliza vizuri kuliko watu wengi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na Vedasto alijiona amepona.

Lakini chakula kilianza kuharibika mdomoni. Kwanza chumvi ilipotea, halafu harufu, mwishowe akitafuna ilikuwa kama anatafuna vumbi la msasa. Sahani iliisha mbele yake bila yeye kushiba. Suruali ikaanza kumvuka, mkanda ukatobolewa tundu jipya, na jirani aliyepita na punda wake alimsalimia mara moja tu akaongeza mwendo. Wahenga haohao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hilo Vedasto hakulikumbuka, au hakutaka kulikumbuka.

Alasiri moja simu ikaita. Alikuwa Angelina.

"Shikamoo baba. Jumamosi tunakuja, mimi na Adrian. Tutakaa mpaka Jumatatu."

"Marahaba mama. Huyo Adrian anatembea sasa?"

"Anakimbia! Na anaongea, utachoka mwenyewe. Baba, mbona sauti imekuwa ndogo hivyo? Unakula kweli?"

"Nakula, mama. Njooni tu."

Alikata simu akitabasamu, na tabasamu lilikuwa bado halijamtoka usoni boneti lilipoongea, safari hii bila kubisha, kwa sauti iliyosogea karibu zaidi na uso wa bodi.

"Mtoto amekula?"

Vedasto aliganda, akahisi baridi ikimpanda kutoka nyayoni, ikapita magotini, ikamkaa tumboni mle ambamo kwa wiki kadhaa hamkuwa na kitu, na ndipo akaelewa, akiwa amekaa kwenye kiti chake na sahani mapajani, chakula chake kilikuwa kinakwenda wapi, na ni nani aliyekuwa akinenepa wakati yeye anakonda, na ni kitu gani kilichokuwa kinasubiri kwa adabu kuletewa mtoto Jumamosi.

Alimpigia Haruna aje achukue gari lake lilivyo. Haruna alikuja asubuhi yake, akashuka, akamtazama, akasahau gari.

"Fundi, umekuwaje wewe? Mbona umekwisha hivi?"

Vedasto alimweleza yote, kwa kunong'ona, wakiwa wamesimama mbali barabarani. Haruna hakucheka. Jumamosi mchana alirudi na shangazi yake, Bi Zuleha, mwanamke mzee aliyeuza viungo sokoni Karatu na kutibu watu waliosumbuliwa na majini. Bi Zuleha hakuingia karakanani. Alifukiza ubani kizingitini, akasoma kwa sauti ya chini, na moshi ukaenda mpaka kwenye boneti, ukasita, ukarudi kumfuata yeye. Akazima kitezo.

"Baba Angelina, nani alimwambia karibu?"

Vedasto akainamisha kichwa. "Mimi, mama."

"Basi hapa mimi sina kazi. Mgeni wa mwenyewe hafukuzwi na jirani."

"Tukiliondoa gari?" akauliza Haruna.

"Gari ondoa, yeye atabaki. Hakukaribishwa na gari." Akamgeukia Vedasto. "Mgeni aliyekaribishwa husindikizwa. Ufungue ule ufa, umwambie twende nikusindikize, umpeleke mpaka nyumba zinapokwisha. Ukifika, sema kwaheri. Neno moja, ufunge mdomo, urudi. Ukiongeza la pili, huyo mtoto anayekuja usije ukaniuliza mimi."

Walipoondoka, Vedasto aliwasha grainda akaupanua ufa mpaka mkono ungepita. "Twende," alisema, "nikusindikize."

Akatoka, na akajua hakutoka peke yake, kwa sababu upande wake wa kulia ukungu uliachana na kuacha nafasi ya mtu, na majani ya kando ya njia yalilala bila upepo, na mbwa wa nyumba ya mwisho, mbwa asiyemwachia hata padri, alijikunja chini ya ghala la mahindi akaficha pua, na harufu ya majivu mabichi ikapanda naye mlima, hatua kwa hatua, fupi, za mtu asiye na haraka, zikipita mashamba ya maharage, zikipita uzio wa mwisho, mpaka pale njia inapogeuka kuwa ya nyati na miti ya msitu inasimama imeshikana, wala haionekani mwisho wake.

"Kwaheri," alisema Vedasto, akafunga mdomo.

Matone ya ukungu yalidondoka kutoka majanini. Alikuwa amekwisha geuka, ameinua mguu, ndipo sauti ilipouliza nyuma yake, kwa huruma kabisa.

"Jumanne utakula na nani?"

Mguu ukarudi chini. Jumatatu Angelina angeondoka na mtoto, hilo alilijua. Aliliona jiko lake, sufuria ndogo, yeye amesimama. Aliogopa, lakini alichokiogopa zaidi wakati ule hakikuwa msituni. Akajiambia kwamba neno tena maana yake si leo. Tena ni baadaye, wakishaondoka salama, na mtu hawezi kulaumiwa kwa adabu tu.

"Karibu tena," akasema, akateremka karibu mbio.

Alikuta taa inawaka. Angelina alikuwa amefika, amefagia, amepika ugali na maziwa mgando na kipande cha nyama alichotoka nacho Arusha. Adrian alimtazama babu yake, akaficha uso kwenye kanga ya mama, kisha akacheka. Wakakaa mezani. Vedasto alikata tonge, akalichovya, na chumvi ikamjia ulimini, kali, tamu, akaona aibu jinsi alivyokuwa akila, tonge juu ya tonge, binti yake akimtazama kwa furaha na kumwongezea.

Mlango ukabishwa. Mara tatu, kwa nafasi, kwa adabu.

Vedasto aliinua mkono. Mdomo ulikuwa umejaa, tonge kubwa la mtu aliyekaa na njaa mwezi mzima, haliendi mbele wala halirudi. Aligonga meza, akatikisa kichwa, macho yakamtoka. Angelina alidhani baba amepaliwa, akamsogezea maji. Kisha, kwa kuwa marehemu mama yake alimlea vizuri, akageukia mlangoni.

"Karibu," akaita. "Pita ndani, chakula kipo."