Hati ya Kamene Iliyofungiwa Thika

Kila asubuhi Kamene alisali, akakama mbuzi wake, kisha akazunguka shamba lake la Gatuanyaga. Siku moja alimkuta Kimeu, ndugu wa marehemu mumewe, akisimika nguzo tatu mpya ndani ya mahindi.

"Shemeji, hizi ni za nini?"

"Shamba ni la marehemu ndugu yangu," Kimeu akajibu, akiendelea kuchimba. "Kama ni lako, leta hati."

Hati ilikuwa Thika. Baada ya kumzika mumewe, Kamene alimpa wakili Gachau hati ya shamba, ili amshughulikie kesi ya urithi mahakamani. Akamlipa yote. Kisha Gachau akagombea ubunge. Kamene alifunga siku tatu akimwombea ashinde, naye akashinda. Ofisi yake ya uwakili ikafungwa, ikawa duka la simu.

Mara sita Kamene alienda ofisi ya mbunge kuulizia hati. Mara sita aliambiwa, "Mheshimiwa yuko bungeni. Ngoja, mama."

Jirani yake Ngendo, karani mstaafu wa mahakama, alisikia akakunja uso.

"Kamene, huwa unaenda kuomba msaada ama kuchukua mali yako?"

"Si huyo ni mheshimiwa?"

"Na hati ni yako. Wakili akiacha kazi, anamrudishia mteja karatasi zake. Mwandikie barua, nakala mbili. Moja abaki nayo. Nyingine atie sahihi kwamba amepokea."

"Akikataa?"

"Kuna tume ya serikali inayosikiliza malalamiko juu ya mawakili. Hailipishi. Lakini hata siku ile ulipompa hati, ungedai akuandikie kwamba ameipokea."

"Alisema kwake ni salama kuliko sanduku langu."

"Sanduku lako lingegombea ubunge?"

Jumapili Gachau alikuja kanisani, akashika kipaza sauti. "Mimi ndiye mtetezi wa wajane."

Ibada ilipoisha, Kamene akapanga foleni ya kumsalimia. Mbunge akanyoosha mkono. Kamene akatia barua mkononi mwake.

"Mama, haya tutaongea ofisini."

"Ofisi yako inauza simu. Tia sahihi hapa kwamba umepokea."

Foleni nzima ilikuwa ikitazama. Gachau akatia sahihi.

Alhamisi hati ililetwa. Ngendo akamsindikiza mahakamani, kesi ya urithi ikaendelea. Kabla ya mwaka kuisha, mahakama ilimwamuru Kimeu ang'oe nguzo zake.

Uchaguzi uliofuata ulipokaribia, Gachau alirudi kanisani kuombewa. Kamene alimwombea kama wengine. Hati ilikuwa nyumbani, ndani ya sanduku, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake.