Jina Ambalo Delu Hakulitamka

Wewe unayejiita shujaa, kaa karibu na mlango. Mashujaa wa Kano walikimbia hii habari hadi vivuli vyao vikaachwa nyuma.

Daktari Barau, mkuu wa hospitali, alikuwa na mpango wa miaka mitano wa kuwaingiza wagonjwa wote kwenye kompyuta, mpango mnene kuliko godoro. Mwaka wa kwanza kuandikisha, wa tatu kusahihisha makosa. Kasoro ndogo tu: kompyuta ya mapokezi ilinuka nywele zilizoungua, hata ikizimwa.

Mchana mmoja wa jua la kukaanga ubongo, Delu akaja na mwanawe wa kwanza mgongoni, homa inamchemsha.

"Mtoto anaitwa nani?" akauliza Habu, karani.

Delu akajifunika uso. Kwa mila yao, mzaliwa wa kwanza mama hamtaji jina. Ni aibu kuliko kutembea uchi.

"Bibi yake ndiye humwita. Yuko sokoni."

"Kwa hiyo kompyuta imfuate sokoni? Haya, naacha wazi. Mwaka wa tatu watarekebisha."

Hakugusa kitu. Pale palipoachwa wazi pakajiandika: Kurmus, neno la Kihausa la kitu kilichoungua hadi majivu.

Wodini nesi Lami akaita, "Kurmus!"

Chini ya kitanda, sauti nzito ya mzee ikaitika, "Naam."

Wakatundika dripu, ikaisha, wakatundika nyingine, ikaisha, na mtoto akazidi kukauka kama samaki wa kuning'inizwa, huku kule chini kitu kinameza, gudu, gudu, na harufu ya nywele inapanda hadi manesi wanabanana mlangoni, na hakuna, hata Habu anayejisifu alimkaba fisi, aliyethubutu kuinama.

"Futeni hilo jina!" Delu akalia.

"Hatuwezi," Barau akanong'ona kutoka mlangoni, jasho linamchuruzika. "Kompyuta imefungwa. Kufuta ni mwaka wa tatu. Tulipanga wenyewe."

"Daktari, mwanangu ataufikia mwaka wa tatu?"

Barau akajibanza nyuma ya manesi.

"Mwite wewe, dada," Habu akasema taratibu. "Jina lake. Labda atarudi."

Delu akaondoa mikono usoni, aibu aliyorithi kwa mama na bibi yake ikimwelemea. Mara ya kwanza ikatoka pumzi tupu. Kisha sauti ikapasuka:

"Sagiru! Sagiru, mwanangu!"

Mtoto akafumbua macho. Akatabasamu. Delu akamnyakua, akamkumbatia, akilia kwa furaha.

Na chini ya kitanda kisauti chembamba cha kitoto kikaita:

"Mama, niko huku."